Egemeo la miti mitatu: Fundi wa Ng'ambo anavyoweza kumsaidia msasi kulenga bila kubahatisha

RISASI ikishatoka kwenye mtutu hairudi. Katika kisiwa kama Unguja, chenye urefu wa kilomita 85 hivi na wakazi zaidi ya milioni 1.3 kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, ukweli huo una uzito wa pekee. Hapa msitu umepakana na konde, konde limepakana na kijiji, na njia ya watoto waendao chuoni hupita kando ya kichaka kile kile anamojificha nguruwe mwitu.

Kwa sababu hiyo, suala la msasi kuwa na mkono uliotulia halihusu ufundi wake peke yake, kwani linagusa pia usalama wa jirani. Makala haya yanaeleza kifaa kimoja rahisi kinachosaidia kuutuliza mkono huo, yaani egemeo la bunduki la miti mitatu linalobebeka. Egemeo hilo linaweza kutengenezwa na fundi yeyote wa Ng'ambo mwenye msumeno, tupa na kipande cha mpira wa gurudumu.

Usasi wa Unguja na chimbuko lake

Usasi ni kazi ya zamani katika visiwa vya Zanzibar. Kwa miaka mingi wasasi wa Unguja wametegemea zaidi mbwa, mikuki, marungu na nyavu kuliko bunduki. Kundi huingia kichakani, mbwa humtimua mnyama, na watu waliojipanga upande wa pili humsubiri. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, usasi ulipata sura ya kitaifa kwa kuwapo kwa vikundi vya Wasasi wa Kitaifa. Katika miaka hiyo ndipo pia ilipoendeshwa kampeni kubwa ya kuwaua chui, iliyoongozwa na mganga aliyejulikana kwa jina la Kitanzi. Watu wengi waliamini kuwa chui walikuwa wakifugwa na wachawi. Matokeo yake ni kuwa leo hii mkazi wa mjini anayetaka kumwona chui wa Unguja humtazama akiwa amekaushwa katika jumba la makumbusho.

Mnyama anayewapa wakulima shida zaidi kwa sasa ni nguruwe mwitu. Huingia makondeni usiku, hufukua mihogo na viazi, na huvunja mahindi. Kwa kuwa wakazi walio wengi ni Waislamu na hawali nyama yake, wanaomwinda hufanya hivyo hasa kwa ajili ya kulinda mazao. Ndiyo maana bado wapo watu wenye bunduki za kumiliki kwa kibali ambao hukaa pembezoni mwa konde jioni wakimngojea.

Bunduki yenyewe si ngeni Zanzibar. Katika karne ya 19 mji huu ulikuwa soko kubwa la silaha Afrika Mashariki. Magobori yaliingizwa kwa maelfu, yakavushwa kwenda bara pamoja na misafara ya pembe za ndovu, hadi Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulipoiwekea mipaka biashara hiyo. Gobori lilikuwa zito na refu, na mwenye kulitumia alitafuta tawi, jiwe au kichuguu cha kuliegemeza.

Wazo la kubeba egemeo lako mwenyewe nalo ni la kale. Askari wa Ulaya wa karne ya 16 na ya 17 walitembea na mti wenye panda ya chuma, wakaweka juu yake bunduki zao nzito. Wawindaji wa Tibet nao walifunga pembe mbili za swala chini ya mtutu zikawa miguu ya kusimamishia bunduki. Huku kwetu, katika vitalu vya uwindaji wa kitalii Tanzania Bara, mfuatiliaji nyayo hutangulia akiwa na miti mitatu begani, na mnyama akionekana huisimamisha mbele ya mgeni kwa sekunde chache. Mara nyingi miti hiyo hukatwa porini na kufungwa kwa mpira wa gurudumu.

Kwa nini mkono haututoshi

Mtu anayelenga akiwa amesimama hana utulivu hata akijitahidi vipi. Mapafu hupanda na kushuka, moyo hupiga, na misuli ya bega huchoka baada ya sekunde chache za kushika uzito wa kilo tatu au nne. Mitikisiko hiyo huonekana midogo kwenye ncha ya mtutu, lakini hukua kadiri risasi inavyokwenda mbali.

Hesabu yake ni nyepesi. Mtutu ukipotoka kwa nyuzi moja tu, risasi itapita pembeni ya shabaha kwa sentimita 87 hivi katika umbali wa mita 50, na kwa sentimita 175 katika umbali wa mita 100. Upotofu ukipunguzwa hadi sehemu moja ya kumi ya nyuzi, kosa katika mita 100 hushuka na kuwa sentimita 17 au 18. Tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha mnyama anayeanguka papo hapo na mnyama anayekimbia na jeraha. Nguruwe mwitu aliyejeruhiwa ni hatari kwa mbwa, kwa msasi, na kwa mkulima atakayemkuta kesho yake akiwa amelala kichakani kwa maumivu.

Egemeo linasaidia kwa sababu linaubebesha mzigo ardhi badala ya misuli. Miguu miwili huzuia mtutu kushuka na hupunguza kuyumba kwa pembeni, lakini humwacha mpigaji akiyumba mbele na nyuma. Miguu mitatu husimama yenyewe hata kwenye ardhi isiyo sawa, kama kigoda chenye miguu mitatu ambacho hakitikisiki jikoni. Kwa hiyo miti mitatu ndiyo inayomfaa mtu anayepiga akiwa amesimama.

Kuchagua miti

Jambo la kwanza ni mti. Wengi watafikiria boriti na fito za mikoko, kwa kuwa ni nyoofu na ngumu. Tusiikimbilie mikoko. Misitu hiyo ndiyo ngao ya fukwe zetu na mazalio ya samaki, na ukataji wake unasimamiwa kisheria. Badala yake upo mvinje, ambao hupandwa kwa wingi na hutoa miti nyoofu, na upo mwanzi, ambao ni mwepesi zaidi.

Mti wa mvinje wenye unene wa sentimita 2.5 hauvunjiki kirahisi, lakini ni mzito. Miti mitatu ya urefu wa sentimita 160 huweza kufikia kilo 2 ikiwa imekauka. Mwanzi una uwazi ndani, hivyo uzito wake hupungua kwa kiasi kikubwa. Uchaguliwe mwanzi uliokomaa, wenye ukuta mnene na pingili zilizokaribiana. Mwanzi mchanga hujikunja ukikauka, na hushambuliwa haraka na fukusi.

Miti ikishakatwa ianikwe kivulini, ikiwa imelazwa sawasawa, kwa muda wa wiki tatu au nne. Ikianikwa juani hupasuka. Baada ya hapo isuguliwe kwa msasa na kupakwa vanishi isiyong'aa. Watu wa pwani wanaijua sifa, yale mafuta ya samaki yanayopakwa majahazi, na ni kweli kwamba huhifadhi mbao vizuri. Kwa kazi hii haifai. Harufu yake itamfikia nguruwe kabla ya msasi hajafika.

Vipimo na mahitaji

Urefu wa kila mti uwe sawa na kimo cha macho ya mtumiaji akiwa amesimama wima. Kwa mtu wa sentimita 170, hiyo ni takriban sentimita 160. Fundo hufungwa sentimita 15 kutoka juu, na kuacha sentimita 145 za mguu. Miguu ikitanuliwa kwa nyuzi 20 hivi kutoka wima, panda hushuka hadi sentimita 136, ambayo inakaribia usawa wa bega. Miguu ikisogezwa ndani kidogo panda hupanda, ikitanuliwa zaidi hushuka. Kwa hiyo mtumiaji hana haja ya skrubu wala kifaa kingine cha kurekebisha kimo.

Mahitaji mengine yote yanapatikana kwa kutembea mitaa michache ya Ng'ambo, kuanzia Darajani kwenda Mlandege, Michenzani na Kwahani. Kwa mafundi wa pancha utapata mpira wa ndani wa gari uliochakaa. Kwa wauza vyuma chakavu utapata vipande vya bomba la aluminiamu au chuma chepesi. Kwa mafundi wa makubazi utapata masalia ya ngozi, na kwa washonaji wa maturubai utapata kitambaa cha kushonea mfuko. Ng'ambo, mji uliokua ng'ambo ya ile pwani iliyoutenga na Mji Mkongwe kabla haijafukiwa, umekuwa mji wa mafundi tangu zamani, na kazi hii inaulingana.

Hatua za kutengeneza

Kwanza, kata kila mti katikati ili upate vipande sita vya sentimita 80. Hapa ndipo egemeo linapogeuka kuwa la kubebeka. Mti mzima wa sentimita 160 ni taabu ndani ya daladala na hunasa kwenye matawi msituni. Kipande cha sentimita 80 huingia katika mfuko wa mgongoni.

Pili, kata vipande vitatu vya bomba, kila kimoja sentimita 12. Upana wa ndani wa bomba ulingane na unene wa mti. Lainisha kingo zake kwa tupa ili zisikate mikono. Ingiza kipande cha chini cha mti hadi nusu ya bomba, yaani sentimita 6, kwa gundi ya mbao, kisha pigilia msumari mdogo ubavuni. Toboa kwanza kwa keekee, la sivyo mwanzi utapasuka. Nusu ya juu ya bomba ibaki wazi ipokee kipande cha juu. Kipande hicho kiingie kwa kubana, bila kuhitaji nyundo. Kikilegea, kizungushie uzi uliopakwa nta.

Tatu, panga vipande vitatu vya juu sambamba mezani. Kata ukanda wa mpira wenye upana wa sentimita 3 na urefu wa mita moja. Anza kufunga sentimita 15 kutoka ncha ya juu, kwa kuupitisha mpira juu ya mti wa kwanza, chini ya wa pili, juu ya wa tatu, kisha kurudi kwa kinyume chake. Mizunguko mitano au sita inatosha. Uvute mpira kwa wastani. Ukibana mno miti haitatanuka, na ukilegeza mno itateleza. Malizia kwa kuzungusha mara mbili katikati ya miti ili kuukaza mfungo, kisha funga fundo upande wa chini.

Nne, tanua miti. Miti miwili ya nje hupishana mbele na kufanya panda, na wa katikati hurudi nyuma kuwa mguu wa tatu. Panda hiyo ivishwe ngozi, upande wa manyoya au wa laini ukiwa juu, na ishonwe kwa uzi mnene. Ngozi huzuia bunduki isiteleze na huua sauti ya chuma kugonga mti.

Tano, shughulikia ncha za chini. Kwa ardhi laini ya makonde, chonga ncha na kuzipitisha juu ya makaa hadi ziwe ngumu. Kwa ardhi ya mawe ya matumbawe, iliyoenea upande wa mashariki na kusini mwa Unguja, vika ncha vifuniko vya mpira wa gurudumu, kwani ncha iliyochongwa huteleza juu ya jiwe na kutoa mlio.

Mwisho, shona mfuko wa turubai wenye vyumba vinne, kimoja cha vipande vya juu vilivyofungwa pamoja na vitatu vya vipande vya chini. Vyumba hivyo vina faida moja kubwa, nayo ni kwamba mabomba hayagongani njiani.

Namna ya kulitumia

Egemeo zuri mikononi mwa mtu asiyejua kulitumia halina faida. Jambo la kwanza ni kuwa bunduki iegemezwe kwa sehemu ya mbao iliyo chini ya mtutu. Mtutu wenyewe usigusane na panda, maana wakati wa kufyatua huruka kutoka kwenye kitu kigumu na risasi hupanda juu ya shabaha. Mkono wa kushoto ushike mahali miti inapokutana na kuibana pamoja na bunduki. Kitako kikae imara begani, na mguu mmoja utangulie.

Bunduki isitembezwe ikiwa juu ya egemeo. Ukitaka kuhama, ondoa bunduki kwanza, hakikisha kifungio cha usalama kimefungwa, kisha ndipo usogeze miti. Kidole kibaki nje ya kifyatulio mpaka shabaha iwe imetambuliwa kikamilifu, na mpaka mpigaji ajue kilichoko nyuma yake. Kivuli kinachotikisika kichakani saa moja usiku kinaweza kuwa nguruwe, na kinaweza kuwa mtu anayerudi kutoka shambani.

Zoezi lifanywe nyumbani bila risasi. Atakayelisimamisha egemeo na kulenga kwa utulivu ndani ya sekunde kumi, mara ishirini mfululizo, atakuwa ameandaa mwili wake vya kutosha. Asiyefanya hivyo atapigana na miti wakati mnyama anaondoka.

Kifaa hiki kina mipaka yake pia. Katika usasi wa kufukuza kwa mbwa, ambapo mnyama hutokea ghafla akiwa mbioni umbali wa mita chache, egemeo halisaidii na huweza kuwa kikwazo. Isitoshe, risasi ikipigwa katika mazingira hayo, mbwa na wenzako wapo kila upande. Egemeo ni la mtu anayesubiri mahali pamoja na kupiga mnyama aliyesimama.

Sheria na wanyama wasioguswa

Kumiliki bunduki bila kibali ni kosa, na kibali cha bunduki si kibali cha kuwinda. Zanzibar inayo Sheria Nambari 10 ya mwaka 1996 kuhusu usimamizi na uhifadhi wa rasilimali za misitu, ambayo pia inagusa wanyama wa porini. Hifadhi ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2004, na humo hakuna ruhusa ya usasi. Anayetaka kuwaondoa nguruwe shambani kwake aanze kwa kuonana na sheha na maofisa wa misitu.

Tahadhari kubwa zaidi ni juu ya paa nunga. Paa huyu mdogo, aliyepewa jina la kisayansi kutokana na Dakta Aders aliyekuwa mtaalamu wa wanyama wa serikali hapa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 20, hapatikani duniani ila Unguja na katika misitu michache ya pwani ya Kenya. Usasi na ukataji wa miti vimempunguza sana. Hapaswi kulengwa kwa namna yoyote. Wala kima punju, ambaye haishi kokote nje ya Zanzibar.

Matumizi mengine

Hapa ndipo mkazi wa mjini asiyemiliki bunduki anapoingia. Miti ile ile mitatu, kwa panda ile ile iliyovishwa ngozi, huishika kamera au darubini kwa utulivu ule ule. Anayetaka kumpiga picha kima punju akila majani juu ya mti, au kuhesabu ndege wa pwani maji yanapokupwa, anapambana na mtikisiko ule ule wa mkono. Watafiti, waongoza watalii na vijana wapiga picha wanaweza kukitumia kifaa hiki bila kibali cha mtu.

Kwa fundi wa Ng'ambo, basi, wateja wa egemeo hili huenda wakawa wengi zaidi miongoni mwa wenye kamera kuliko wenye bunduki. Gharama yake ni ndogo, malighafi yake mengi yangeishia jaani, na ujuzi unaohitajika tayari upo katika mitaa yetu. Msasi atakayeamua kulitumia akumbuke tu kwamba miti mitatu hutuliza mkono, lakini haiwezi kuamua badala yake. Pale ambapo shabaha haijaonekana wazi, au nyuma yake kuna njia ya watu, uamuzi sahihi ni kuifunga bunduki na kurudi nyumbani. Nguruwe atarudi kesho, na mihogo itapandwa tena.